Jicho Lisilouma

Juma hili tutasema habari ya ugonjwa uingiao nyumbani bila kubisha hodi. Homa twaijua sote: mwili watetemeka, kichwa chauma, na jamaa yote yajua kwamba baba hawezi. Twayajua pia magonjwa ya macho yaonekanayo, kama macho mekundu yenye usaha ya watoto wadogo, au mtoto wa jicho aifanyaye mboni ya mzee kuwa nyeupe. Lakini yako macho safi, mazuri ya kutazama, yasiyotoa chozi wala kuuma hata siku moja, na kumbe ndani yake damu yavuja kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja mwenyewe aamka na kuona kama utando wa buibui mbele ya uso wake. Ugonjwa huo ni mzaliwa wa magonjwa mawili yaliyotapakaa mijini, na sasa yafika vijijini pia: ugonjwa wa sukari, na ule wa damu kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi, ambao watu wa Bukavu na wa Lubumbashi huuita tansio.

Tuanze na jicho lenyewe, maana hawezi mtu kulinda shamba asilolijua mipaka. Mbele iko mboni, yaani tundu jeusi lipitishalo mwanga. Nyuma ya mboni iko lenzi, na nyuma ya lenzi jicho limejaa ute mwangavu, mfano wa ute wa yai. Mwisho kabisa, ukutani mwa chumba hicho, imetandikwa ngozi moja laini ambayo unene wake haufiki nusu ya milimita. Wanafunzi waliosoma Kilatini wanalijua neno rete, maana yake wavu. Kwa neno hilo ngozi hii iliitwa retina. Ndiyo ipokeayo mwanga na kupeleka habari ubongoni. Katikati yake pana mahali paitwapo makula, ambalo ni neno la Kilatini pia, maana yake doa. Doa hilo ni dogo kuliko punje ya hindi, lakini kwa hilo twasoma barua, twatia uzi katika sindano, na kumtambua rafiki kwa uso wake. Sehemu nyingine za retina zatusaidia kutembea bila kujikwaa, kusoma hazisomi.

Sasa retina, ijapokuwa ndogo, ni mlaji mkubwa. Ukilinganisha uzito wake na hewa safi aina ya oksijeni inayoitumia, ni viungo vichache mwilini vinavyoishinda kwa kula. Chakula hicho na hewa hiyo huletwa na mishipa ya damu, mingine myembamba kupita unywele wa mtoto. Mishipa hiyo ndiyo kiini cha habari yetu.

Kwa karne nyingi waganga hawakuweza kuitazama. Mboni ya jicho la mtu hai ilionekana nyeusi tu, kama mlango wa nyumba isiyo na taa. Mwaka 1850 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Königsberg, jina lake Hermann von Helmholtz, alikuwa akitengeneza somo la kuwafafanulia wanafunzi wake kwa nini mboni za macho hung'aa wakati mwingine. Katika kutafuta maelezo hayo alijitengenezea chombo cha vioo, kirushacho mwanga wa taa ndani ya jicho na kumwezesha mtazamaji kutazama kwa njia ile ile ipitayo nuru. Mwaka 1851 alitoa kitabu kidogo kuhusu chombo chake. (Wenzetu walimu watufurahie: tunda hilo lilitoka katika matayarisho ya somo!) Tangu hapo mganga aweza kuiona mishipa ya damu ikiwa wazi, bila kisu na bila kumtoa mtu tone la damu. Hakuna mahali pengine mwilini pa namna hiyo. Kwa hiyo mganga mwenye ujuzi akitazama ndani ya jicho lako haoni jicho tu. Aona pia dalili za mambo yanayotendeka katika mishipa ya figo, ya moyo na ya ubongo.

Tuje kwa ugonjwa wa sukari. Wasema watu kwamba ni ugonjwa wa matajiri na wanene, na kwamba huletwa na kutia sukari nyingi katika chai. Maneno hayo yana punje moja ya ukweli na gunia zima la uongo. Chakula chote cha wanga tulacho, kama bugali, wali, ndizi, mkate au viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie katika nyama za mwili na kuwa nguvu, yahitajiwa maji maji yaitwayo insulini, yatokayo katika kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho yaacha kabisa kutoa insulini. Kwa wengine, nao ndio walio wengi, insulini yatoka lakini mwili hauisikii tena vizuri, kama mtoto aliyezoea kuitwa bila kuitika. Kunenepa na kukaa bila kutembea huongeza hatari hiyo. Ukoo nao una sehemu yake. Lakini tumewaona wakulima wembamba wenye jembe begani wakiugua vile vile. Katika hesabu ya mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 537 duniani walikuwa na ugonjwa huo, na kati yao kama milioni 24 walikuwa katika Afrika kusini ya Sahara. Zaidi ya nusu ya hao wa Afrika hawakujua kwamba ni wagonjwa. Na asiyejua hatakwenda kupimwa macho kwa sababu ya ugonjwa asiojua kuwa anao.

Hapa kuna jambo la ajabu katika historia. Zamani mtoto aliyeshikwa na ugonjwa wa sukari alikufa baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto huko Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano yake akiwa karibu na kufa. Akaishi miaka 13 zaidi. Ilikuwa furaha kubwa, tena ya haki. Lakini wagonjwa walipoanza kuishi miaka kumi, ishirini, thelathini, waganga waliona jambo lililokuwa haba mbele ya hapo: wengi wao wakapofuka. Dawa iliyowaokoa na kifo iliwapa muda wa kuonja madhara ambayo wenzao wa zamani hawakuyafikia.

Kijana mmoja wa shule ya sekondari ametuandikia barua, nasi twaifupisha hapa kwa ruhusa yake, bila jina. Baba yake alikuwa dereva wa malori kwa miaka mingi. Karibu na Pasaka macho yake yalianza kuona moshi. Kwanza alinunua miwani sokoni, kisha miwani mingine yenye nguvu zaidi. Haikusaidia. Ndipo baba mdogo akampeleka kwa mfumu, aliyemtia maji ya majani machoni siku tisa na kutaja jina la shangazi mmoja kuwa ndiye aliyemfunga macho. Tangu siku hiyo shangazi huyo hakanyagi tena katika nyumba ya ndugu yake. Mwisho walikwenda hospitali. Mganga alitia matone, akatazama kwa muda mrefu, akapima na damu; akasema kwamba ugonjwa wa macho haya umeanza yapata miaka kumi iliyopita. Kijana auliza: «Baba alianza kulalamika mwaka huu. Je, yawezekanaje ugonjwa kukaa miaka kumi ndani ya jicho bila mwenyewe kujua? Au mganga alitaka kuficha tu kwamba hajui?» Naye aongeza, kama kwamba ni neno dogo, kuwa yeye ndiye amshikaye baba mkono kila asubuhi, na kwamba amekosa masomo ya mihula miwili.

Kijana wetu, mganga hakuficha kitu. Sikiliza jinsi mambo yaendavyo.

Sukari ikizidi katika damu mwaka baada ya mwaka, hudhoofisha kuta za mishipa midogo kabisa. Chembe ambazo kazi yake ni kuikaza mishipa hiyo kwa nje, kama kamba zifungazo kikapu, zakufa. Pale zilipokufa, mshipa watokeza kijivimbe kidogo mno. Mganga akitazama aona vidoa vyekundu kama vya ncha ya sindano. Mgonjwa je? Haoni kitu, haumwi, asoma gazeti kama kawaida. Hicho ndicho kipindi cha kwanza, nacho chaweza kudumu miaka mingi. Baadaye vijivimbe vyavuja: damu kidogo hapa, maji yenye mafuta pale, yakiacha alama za manjano kama nta. Kama yavujia mbali na lile doa la katikati, bado mgonjwa haoni tofauti. Kama yavujia pale penye makula, retina yavimba kama mkate uliolowa maji, na ndipo maandishi yaanza kupinda na nyuso kufifia. Kuvimba huko ndiko kwawanyang'anya wagonjwa wengi uwezo wa kusoma.

Wakati huo huo mishipa mingine yaziba kabisa. Sehemu za retina zilizokuwa zikilishwa nayo zabaki na njaa, nazo zikiwa na njaa hazinyamazi: zatoa dawa yao wenyewe iitayo mishipa mipya ije. Mtu angesema hiyo ni hekima ya mwili. Kwa bahati mbaya mishipa mipya iotayo hivyo ni dhaifu kama mche uliooteshwa gizani. Haikai mahali pake. Yatambaa juu ya retina na kuingia katika ule ute mwangavu. Siku moja mtu ainama kufunga viatu, au akohoa, au amelala tu usingizini, mshipa wapasuka na damu yajaa utani. Huo ndio utando wa buibui, huo ndio moshi. Damu hiyo pengine yanyonywa polepole na macho yarudi. Ndipo mfumu ajisifu kwamba majani yake yamefaa. Lakini mishipa ipo pale pale. Nayo huacha makovu yavutayo retina na kuibandua ukutani, na retina iliyobanduka haidumu.

Imeonekana kwamba baada ya miaka 20 ya ugonjwa wa sukari, karibu wote walioupata utotoni, na zaidi ya nusu ya walioupata ukubwani, huwa na alama fulani katika retina. Basi miaka kumi ya mganga si ajabu. Baba huyo aliendesha malori yake huku retina ikivuja, naye hakudanganya aliposema kwamba macho yake ni mazima, kwa maana alivyoona ndivyo alivyosema. Wala majani yasingeweza kumponya: yaliwekwa mlangoni, na moto ulikuwa chumba cha ndani. Na shangazi yake? Twasema wazi, kwa sababu jambo hili lagawanya jamaa nyingi kuliko upofu wenyewe: aliyeyafunga macho ya dereva yule ni sukari. Waliomtaja mwanamke huyo kwa ubaya wamwendee wenyewe kumwomba msamaha, wasimtume mtoto.

Upande wa pili ni tansio. Watu wa hospitali zetu huandika 14 kwa 9, na vitabu vya kimataifa huandika 140 kwa 90. Ni kipimo kile kile. Anayefika hapo au kupita, tena kwa kupimwa siku mbalimbali wala si mara moja tu, huhesabiwa kuwa na tansio ya juu. Mishipa iletayo damu ikisukumwa kwa nguvu kila siku hujikaza na kuwa migumu. Katika jicho mganga aiona imekuwa myembamba, ukuta wake waakisi nuru kama waya wa shaba, na baadaye kama waya wa fedha. Mahali mshipa huo mgumu unapokatiza juu ya mshipa laini urudishao damu, waukandamiza, kama gari lililosimama juu ya bomba la maji.

Mwaka 1939, katika Marekani, waganga watatu, Keith, Wagener na Barker, waliwapanga wagonjwa wa tansio katika madaraja manne kwa kuyatazama macho yao tu. Miaka mitatu baadaye, katika daraja la kwanza watu 70 kati ya 100 walikuwa hai. Katika daraja la nne, ambamo mzizi wa mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, walikuwa hai 6 tu. Siku hizo hapakuwa na dawa ya kushusha tansio itoshayo. Leo dawa zipo, tena nyingine si za bei kubwa. Hata hivyo hesabu ile bado yatufundisha kitu: mtu mwenye tansio kali akianza kuona giza, huku kichwa chamgonga, asiambiwe apumzike. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Pale panapokandamizwa mshipa urudishao damu, pengine mshipa huo waziba kabisa. Damu yaingia na haipati kutoka. Yafurika juu ya retina kama mto Ruzizi uliovunja kingo. Mgonjwa aamka na jicho moja limefifia, lote au nusu yake, bila maumivu. Ikiziba mishipa iletayo damu, mambo ni mabaya zaidi: jicho lazimika ghafula kama taa iliyopulizwa, na hicho ni kiharusi cha jicho. Wengi husema, «Nina lingine, ningoje nione.» Wasingoje. Hata kama jicho lile halitarudi, kiharusi cha ubongo chaweza kulifuata katika siku chache, nacho chaweza kuzuiwa.

Je, kuna dawa? Ipo, nayo ilianza kwa njia ambayo mwanafunzi mwenye udadisi ataipenda. Tarehe 9 Julai 1945 jua lilipatwa, na watu wengi wa Ulaya walilitazama bila kinga. Mganga kijana wa Ujerumani, Gerhard Meyer-Schwickerath, alipewa kumtazama mwanafunzi mmoja aliyeunguzwa retina na jua hilo. Mtu mwingine angeandika tu kwamba jicho limeharibika. Yeye aliona kovu dogo, imara, lililoishika retina ukutani, akajiuliza: kama jua laweza kuunguza kwa bahati mbaya, kwa nini mganga asiweze kuunguza kwa makusudi, mahali apatakapo yeye? Miaka michache baadaye, katika hospitali ya Hamburg, aliuteka mwanga wa jua juu ya paa kwa vioo na kuushusha mpaka katika jicho la mgonjwa. Shida ni kwamba jua la Hamburg halitegemeki. Mgonjwa yuko tayari, na mawingu yaja. Kwa hiyo aliliacha jua akatafuta taa zenye nguvu, na kiwanda cha Zeiss kikamtengenezea. Mwaka 1960 Theodore Maiman katika Marekani aliwasha leza ya kwanza, yaani mwanga uliokusanywa mstari mmoja mwembamba, na tangu hapo leza ndiyo itumikayo.

Watu hushangaa: jicho lina njaa, nawe waliunguza! Lakini mkulima aelewa. Miche ikisongamana na maji hayatoshi, ang'oa baadhi ili iliyobaki iishi. Mganga aunguza vitone mamia kwa mamia pembeni mwa retina, mbali na makula, ili pembe zile zisiendelee kudai damu, na mishipa mibaya inyauke. Mwaka 1976 uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba kazi hiyo yapunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupofuka kwa wenye mishipa mipya. Bei yake ipo: mgonjwa aweza kupungukiwa kidogo na kuona kwa pembeni au gizani. Tena leza haimrudishii mtu macho aliyokwisha kupoteza, yalinda yaliyobaki. Afikaye mapema apata faida kubwa, na afikaye akiongozwa kwa fimbo apata kidogo.

Tangu mwaka 2005 hivi iko njia nyingine pia. Wenye elimu walitambua kitu kiitacho mishipa mipya, wakatengeneza dawa ya kukizuia. Mojawapo, bevasizumabu, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo. Sehemu yake ndogo sana, ikichomwa ndani ya jicho, hupunguza kuvimba kwa makula, na mara nyingi kuona hurudi kiasi. Tunajua neno «sindano ndani ya jicho» lawatisha wasomaji. Jicho hutiwa ganzi kwanza, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Taabu ya kweli ni kwamba sindano hiyo yarudiwa mara nyingi, pengine kila mwezi mwanzoni, na kwetu waganga wa macho ni haba na wengi wao wakaa miji mikubwa. Kwa mtu wa Shabunda nauli yashinda dawa.

Kwa hiyo kuzuia kwafaa sana kuliko kutibu, nasi hatusemi hivyo kwa mazoea ya walimu. Mwaka 1993 ilitolewa hesabu ya watu 1,441 wa Marekani na Kanada wenye ugonjwa wa sukari wa ujanani: walioitawala sukari yao kwa bidii walipunguza kwa asilimia 76 hatari ya retina kuanza kuharibika. Mwaka 1998 Waingereza walitoa hesabu nyingine ya watu 1,148 wenye sukari ya ukubwani pamoja na tansio. Walioshushiwa tansio vizuri zaidi, retina zao ziliendelea kuharibika kwa kiasi kidogo kuliko za wenzao kwa asilimia 34, na hatari ya macho kufifia ilipungua kwa asilimia 47. Tansio, si sukari! Ndiyo maana mwenye sukari asiyepimwa tansio amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Tena Uingereza ilianza mwaka 2003 kuwapiga picha za retina wagonjwa wote wa sukari wenye umri wa miaka 12 na zaidi, wakiumwa wasiumwe, na baada ya miaka michache ugonjwa huu haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kazi. Hawakuwa na dawa ambayo wengine hawakuwa nayo, walitangulia kutazama.

Nyumbani, mama wa jamaa ana mamlaka kuliko mganga, maana ndiye ashikaye mwiko. Bugali isiondolewe, ipunguzwe, na sombe, lengalenga na maharagi viongezwe. Makayabo ilowekwe sana na maji yake yamwagwe. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isipite kijiko kimoja kidogo, na vile vipande vya kukolezea mchuzi viuzwavyo sokoni ni chumvi pia. Vinywaji vya sukari vya chupa twaona ni adui aliyevaa nguo za sikukuu: mgeni akija, twajiona tumemdharau kama hatukumfungulia chupa. Maji safi ni heshima pia. Sigara iachwe kabisa. Na vidonge vya tansio havimezwi siku kichwa kinapouma tu. Wengi huviacha kwa sababu «najisikia vizuri», na hao ndio tuwakutao baadaye wakiongozwa na watoto wao.

Mama mwenye ugonjwa wa sukari akijua ana mimba, macho yake yatazamwe katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu mimba yaweza kuuharakisha ugonjwa wa retina. Na mama yeyote mjamzito aonaye vimulimuli au ukungu, pamoja na kuvimba uso na mikono, aende mara moja. Tansio ya mimba yaweza kumwua yeye na mtoto kabla ya kulipambazukia juma la pili.

Wakati wa kutazamwa ni huu. Aliyeupata ugonjwa wa sukari akiwa mtu mzima atazamwe mara anapogunduliwa, kwa sababu hakuna ajuaye umekaa miaka mingapi. Aliyeupata utotoni, baada ya miaka mitano. Kisha wote kila mwaka, isipokuwa mganga ameamuru vingine. Mwenye miaka zaidi ya arobaini ambaye hajapimwa sukari wala tansio aombe apimwe katika kituo cha afya kilicho karibu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa miligramu 126 au zaidi katika desilita moja ya damu, mara mbili, ugonjwa upo.

Siku ya kwenda, msichukue baiskeli wala pikipiki ya kuendesha wenyewe. Mwuguzi atatia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga utaumiza na maandishi ya karibu hayatasomeka. Nendeni na mtu wa kuwarudisha, na kofia pana kichwani. Beba daftari la vipimo vyako na vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya mfumu, uvionyeshe bila haya. Na mganga akisema retina ni safi, mwulize akuandikie tarehe ya mwaka ujao.